Saa Inayokimbia

Inakimbia, alisema Bi Drahomíra,
akaiweka juu ya kitambaa changu cha kijani
kama anayemlaza mtoto aliyekwisha sinzia.
Dakika kumi na mbili kwa siku.
Nikiamka, yenyewe imeamka zamani.
Nikimimina chai, kwake chai imepoa.

Nikaisogeza karibu na dira ndogo
ninayoiweka kwenye kopo la peremende.
Sindano ikaiacha kaskazini,
ikamgeukia marehemu,
ikatetemeka kama mbwa aliyesikia mlango.

Mumeo alifanya kazi wapi?

Hapa hapa Ostrava, uwanja wa vyuma chakavu.
Miaka ishirini na sita juu ya kreni,
na chini ya kreni sahani nyeusi,
pana kama meza ya arusi.
Bohumír akibonyeza, reli, injini za matrekta,
vitanda vya hospitali, vyote vinaruka kuibusu.
Akiachia, mtaa mzima unashtuka.
Hata funguo zake, alisema,
zilikuwa zikishikana mfukoni kama wachumba.

Sikumpigia hesabu. Nilimwambia hivi:
ndani ya feleji mna vitongoji
visivyoonekana kwa jicho,
kila kitongoji na kibla chake.
Hawa huku, wale kule, wanafutana,
na chuma kwa jumla kinakaa kimya.
Ikipita nguvu kubwa, jirani anamfuata jirani,
mipaka inahama usiku bila mashahidi,
wachache wanamezwa,
hadi wote wanaelekea upande mmoja.
Nguvu ikiondoka, chuma laini husahau;
msumari husahau hata hujaupigilia.
Feleji haisahau.
Ugumu wake ndio kumbukumbu yake.

Na humu ndani mna kamani
nyembamba kama unywele, imejiviringa kama konokono.
Mikunjo yake imeanza kung'ang'aniana.
Pumzi imekuwa fupi.
Si haraka hiyo, mama. Imebanwa.

Dawa zipo. Moto:
ukiipasha ikawa nyekundu itasahau yote,
pamoja na kuwa saa.
Nyundo nayo husahaulisha, kwa bei ile ile.
Hapo akacheka, mara ya kwanza.
Mawifi zake wamemshauri vyote viwili:
choma nguo zake, bomoa banda lake la bustanini.

Basi nikawasha koili.
Humo umeme unakwenda na kurudi,
mara hamsini kwa sekunde,
na vitongoji vinageuzwa, vinageuzwa tena,
havipewi nafasi ya kuzoea.
Nilipokuwa mwanagenzi nilizima swichi
saa ikiwa bado ndani.
Fundi Oldřich hakunigombeza, alinihurumia:
umeikamata katikati ya mgeuko,
umeifunga upya, labda vibaya kuliko mwanzo.
Usizime. Itoe ingali ikitetemeka.
Polepole, ili kila mgeuko
uwe mdogo kuliko uliotangulia,
mpaka wa mwisho usiweze
kumpa yeyote kibla.

Nikamwambia aishike mwenyewe.
Inavuma, alisema. Naisikia vidoleni.
Hivi hivi alivyokuwa akikoroma.
Akarudi nyuma, hatua, hatua,
urefu wa mkono ukapita, nao ungetosha,
sikumzuia,
akapita kabati la saa za ukutani, akapita ndoo ya miavuli,
mgongo wake ukagusa kioo cha mlango
na tramu ikapita nje na theluji yake.

Tukailaza tena kando ya dira.
Sindano haikujishughulisha.
Ilitazama zake kaskazini.

Imesahau? aliuliza.
Nikasema hapana. Vitongoji vyote vimo,
hakuna aliyehama mji.
Ni kwamba hawaitikii tena sauti moja.

Akaivaa. Mkanda ulimpwaya hadi kiwikoni.
Akalipa, nikampa chenji, nikakumbuka:
na zile funguo, kama unazo, zilete,
ni kazi ya dakika moja, sitakutoza.

Mkono wake ukaingia mfukoni, ukafumba.
Hizo ziache, alisema.
Hizo hazihesabu kitu.